Biskuti ya Baba

Jumatatu tulimzika Mama. Leo asubuhi, hapa mtaani Nyamityobora, jirani aliunguza biskuti, na harufu yake ikanirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi tulikoishi utotoni.

Mama alizioka ndani ya sufuria kubwa, mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Alizikata kwa mdomo wa kikombe. Kabla hatujala, moja aliiweka kwenye rafu kwa ajili ya Baba, aliyebaki Burundi.

"Mama, hii imeshakuwa jiwe," dada yangu alisema siku moja. "Tuigawane."

"Muiache. Baba yenu anazipenda ngumu, anachovya kwenye chai."

"Na asipokuja?"

Mama aliendelea kupepea makaa. "Basi panya atashiba."

Tulicheka, naye akacheka kidogo. Kila alipooka tena, aliiponda ile ya zamani ndani ya uji wetu, akaweka mpya mahali pake. Baba hakuja.

Leo jioni nilioka kwa sufuria ileile ya Mama. Dada alikuja, na kabla hatujala akachukua biskuti mbili, akaziweka juu ya kabati. Kisha akamimina chai.