Kaniki Ilipopita Misima

Mama alinitupia kaniki mapajani akiwa amelala hospitalini Korogwe, akasema, "Utakimbia na hii. Siyo hayo masuruali yako ya kubana."

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimeshaamua kwamba sikimbii tena. Nilijiandikisha mapema, mama akiwa bado anapika na kugombana na majirani. Ilikuwa marathoni ya kwetu Handeni: watu waanzie mjini, washike barabara ya Korogwe, wapite Misima, wageuze mbele huko na kurudi walikotoka. Waandaaji waliomba kila mkimbiaji avae mavazi ya wazee wake. Wakati ule nililiona jambo zuri sana. Sasa moyo wa mama ulikuwa umevimba, daktari alikuwa ametueleza bila kuzunguka kwamba tujiandae, na mtu mzima mwenye akili zake hamwachi mama yake katika hali hiyo akaenda kukimbia barabarani. Labda awe na mama kama wangu.

"Siendi," nilimwambia.

"Utaenda. Ipitishe Misima. Aione."

Hakuhitaji kumtaja. Misima anaishi dada yake, ambaye sisi watoto tunamwita mama mkubwa, na kaniki ile ilikuwa ya mama yao, bibi yangu. Ni kaniki nzito, nyeusi, ya zamani, na pindo lake bibi alilishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Bibi alipofariki, mama alikuwa kwangu Dar. Basi liliharibika njiani, tukafika Misima kaburi limeshafukiwa. Mama akauliza kwa nini hawakumsubiri. Mama mkubwa akajibu, "Tungemsubirisha marehemu mpaka lini?" Mama aliingia ndani, akachukua kaniki ya bibi, akaikunja, akatoka nayo bila kuaga. Tangu hapo ndugu wale wawili, waliozaliwa tumbo moja, hawakusemeshana tena. Korogwe na Misima ni safari ya basi moja. Mama alipolazwa tulituma habari mara mbili, na mama mkubwa hakuja.

"Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Akikuita usisimame. Kama ana neno, atakuja kulisema mwenyewe."

Ukaidi huo nimeurithi, kwa hiyo siwezi kumsema sana. Alinifundisha kuifunga: fundo begani, pindo lishuke chini ya magoti, na kipande kingine cha kaniki kichwani. "Kichwa kifunikwe," alirudia. Sikuuliza sababu. Nilidhani ni heshima tu za watu wa zamani. Nilimwacha na mdogo wangu wa kiume, nikapanda gari la jioni kwenda Handeni, nikalala nyumba ya wageni. Alfajiri nilimpigia mdogo wangu simu moja, haikupokelewa. Sikuwa na muda wa kupiga ya pili. Simu nikaiacha chumbani, maana kaniki haina mfuko.

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na haikuniacha. Nilikuwa nakimbia kuelekea upande aliko mama, na habari yoyote ingekuja na barabara ile ile. Kila bodaboda iliyotokea mbele niliikodolea macho. Nilimwangalia dereva usoni, nikamwangalia abiria, nikisubiri mmoja wao apunguze mwendo na kuniita jina. Walipita wakinishangaa, nami nikashusha pumzi, hadi ilipotokea nyingine.

Mbio zenyewe zilinishinda mapema. Vijana wa Kimasai, na shuka zao na viatu vya matairi, walinipita wakipiga soga kana kwamba wanakwenda mnadani. Wengi waliovaa kiasili walikuwa wa mbio fupi za mjini. Kundi la wenye fulana na kaptula lilitangulia likanipotea. Nikabaki peke yangu kwenye lami, na jasho likaanza kuilowesha kaniki. Kaniki ikilowa inakuwa nzito. Fundo la begani likaanza kuteleza. Nilifunga, likateleza. Nikafunga tena. Hatimaye, kwa hasira, nilivua kile kipande cha kichwani na kukifunga kiunoni kama kibwebwe, kikabana kila kitu pamoja na namba yangu ya mbio iliyokuwa tumboni. Nikakimbia vizuri kidogo. Nikajipongeza kwa akili zangu.

Nilipoingia Misima kundi la mbele lilikuwa limeshapita zamani, na barabara imerudi kuwa barabara ya kawaida. Mama mkubwa alikuwa nje, kando ya njia, anaanika makopa ya muhogo juu ya turubai. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Akainua uso, akaniona.

"Mwanangu!" aliita.

Miguu ilitaka kusimama, naapa. Nikakumbuka maneno ya mama, nikainua mkono mmoja bila kusema chochote, nikapita. Niliyaona macho yake yakishuka hadi kwenye uzi mwekundu wa pindo. Niliuona ungo ukimtoka mikononi. Nikajisemea moyoni, haya, ameiona, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilidhani nimempa mama alichokitaka. Nyuma yangu nilisikia kama mtu ameita tena, kwa sauti ya juu zaidi, lakini upepo ulikuwa masikioni.

Nilikwenda mpaka mwisho, nikageuza, nikarudi. Sehemu kubwa ya safari ile nilitembea, siwadanganyi. Jua lilikuwa limepanda, na bodaboda sasa zilitokea nyuma yangu, jambo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu nilizisikia kabla ya kuziona na kila mara niligeuka kutazama.

Nilipokaribia Misima nilisikia kilio. Wanawake wengi kwa pamoja. Kisha nikaona turubai lile la makopa limetundikwa kwenye miti kuwa kivuli, mabenchi yametolewa, wanaume wamekaa kimya, na sufuria kubwa iko motoni. Ilikuwa nyumba ya mama mkubwa. Nilimshika mkono mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara na ndoo ya maji.

"Mama, kuna nini hapa?"

"Msiba, dada yangu. Mdogo wake huyu mama, yule aliyelazwa Korogwe. Habari imekuja asubuhi."

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza nini? Simu haikupokelewa alfajiri, nami nilikuwa nimejibeba kwenda kukimbia. Niliingia uani nikilia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Mama mkubwa aliponiona alijirusha kutoka kwenye mkeka, akanikumbatia na kaniki yangu iliyolowa, tukaanguka chini pamoja.

"Sikwenda," alikuwa akisema masikioni mwangu. "Mwanangu, sikwenda kumwona. Nilisema nitakwenda kesho. Nilisema aanze yeye. Nilimnyima kumzika mama, na yeye nimemnyima maji ya kunywa akiwa mgonjwa. Sasa nitamwambia nani?"

Nililia kwa ajili ya mama, na nililia kwa ajili yake pia, maana hasira niliyokuja nayo haikuwa na pa kukaa tena.

Wale wanaojua misiba yetu wanajua kwamba mtani hakosi. Wa kwetu ni mzee mmoja Mnyamwezi, ambaye baba yake alikuja zamani kukata mkonge Korogwe na hakurudi kwao. Msibani anafanya atakalo, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Siku ile alikuwa amejifunga kanga ya kike, ana mwiko mkononi, anaonja mboga za watu na kuwaambia wafiwa kwamba wanalia vibaya. Akaja mpaka tulipoangukia.

"Huyu naye ananuka jasho namna hii, ametokea wapi?"

"Anatoka kwenye mbio, mwache," mtu alimjibu.

"Anamkimbia nani? Marehemu?" Alichomeka mpini wa mwiko kwenye kibwebwe changu, akavuta, na kibwebwe kikafunguka. Namba yangu ya mbio ikatokeza tumboni, imelowa lakini inasomeka. Akaruka nyuma kwa madaha. "Jamani! Mfiwa ana namba! Wazigua siku hizi mnaandikishwa ndipo mlie?"

Wachache walicheka, wakajiziba midomo. Mzee aliinama karibu na uso wangu. "Haya mtani, mama yako amekufa saa ngapi?"

"Sijui," nilisema. "Nimeambiwa hapa."

"Nani amekuambia?"

Nilimwonyesha mwanamke wa ndoo. Mwanamke wa ndoo, naye, alimwonyesha mama mkubwa. Mtani akamgeukia mama mkubwa na mwiko wake.

"Na wewe, nani amekuambia?"

Mama mkubwa alinyoosha kidole kwangu.

Waliokuwa wakilia waligeuka kunitazama. Mimi mwenyewe niliacha kulia.

"Ameniambia huyu," mama mkubwa alisema. "Amepita hapa kichwa wazi, kiuno kimefungwa, kaniki ya mama yetu mwilini. Nimemwita, hakusimama, amekwenda moja kwa moja upande wa nyumba ya kaka. Wewe ulitaka aniambie nini zaidi?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama alisisitiza kichwa kifunikwe. Kwa wazee wetu, mwanamke anayepeleka habari ya kifo ndivyo anavyokwenda: hafuniki kichwa, anafunga kiuno, na njiani hamsemeshi mtu mpaka amfikie mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa ukoo ni mjomba, na nyumba yake iko mbele kidogo barabara ile ile. Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi. "Mimi nilikuwa shambani," alisema taratibu. "Waliponifuata, nikadhani huyu alifika akanikosa."

"Mama nilimwacha mzima," nilisema.

"Lini?"

"Jana jioni."

Mtani hakutania tena. Jana jioni siyo leo, na kila mtu pale alilijua hilo. Pengine nilipeleka habari ya uongo ambayo, nikiwa njiani, ilikuwa imegeuka kuwa kweli. Mtu alinipa simu yake. Namba ya mdogo wangu siijui kwa kichwa. Niijuayo ni ya mama tu, kwa sababu hajawahi kuibadilisha. Nikaibonyeza.

Iliita mpaka ikakatika.

Nikapiga tena. Mama mkubwa alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimeniingia kwenye ngozi, na watu wote wa msiba walikuwa wakiitazama simu ile ndogo.

"Nani wewe?" ilisema sauti ya mama, ya ukali.

Niliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nani? Sema au ukate, mimi mgonjwa."

"Ni mimi, mama."

"Ah. Umeshamaliza?"

"Bado."

"Misima umepita?"

"Niko Misima."

"Nilikuambia upite, sikukuambia ukae." Alikohoa. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida, na sikuwahi kuipenda sauti yoyote duniani kama nilivyoipenda ile. Watu waliokuwa karibu walikuwa wameshamsikia. Mjomba alifunika uso kwa viganja. Mtani alikaa chini, na mwiko wake mapajani. Mama mkubwa peke yake ndiye hakunyamaza. Aliachia mkono wangu, akaanza kulia upya, kwa nguvu kuliko mwanzo, akiita jina la utotoni la mama.

"Nani huyo anayelia?" mama aliuliza.

"Mama mkubwa."

"Analia nini?"

"Anakulilia wewe."

Nilidhani simu imekatika, nikaitazama, haikuwa imekatika. Mama mkubwa alikuwa akisema yale yale aliyoniambia mimi, kwamba hakwenda, kwamba alisubiri aanze yeye.

"Nimpe simu, mama?" niliuliza. "Muongee?"

"Usimpe kwanza," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwache alie kidogo. Nasikiliza."

Nikanyoosha mkono, nikaisogeza simu karibu na mdomo wa dada yake.