Kunde za pwani zilivyoshika mchanga wa kaburi la Mzee Bakari

Salaam wakuu, wa bara na wa pwani, wenye mashamba na wenye makopo ya maua dirishani.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na sina wa kumwambia akalielewa, isipokuwa nyinyi mnaopenda mimea.

Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mikono yangu ilikuwemo. Atakayeona ni chai, yaani uongo, ruksa, lakini aje Mambrui nimwonyeshe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, mzaliwa wa Kitui. Nilihamishiwa shule moja kaskazini ya Malindi, nikapata chumba cha kupanga kwa mjane mmoja, Bi Zuhura. Nyumba yake iko ukingoni kabisa mwa vilima vya mchanga. Ukivuka ua wake, huna tena jirani mbele yako, ni mchanga tu mpaka baharini.

Na pale pembeni mwa kiwanja, upande wa bahari, ndipo alipozikwa mumewe, Mzee Bakari. Mimi sikumkuta. Nilikuta kaburi tu, dogo, la chini, limezungushiwa mawe, na jiwe moja kichwani na moja miguuni.

Sasa wakuu, kama hujakaa pwani, elewa kitu kimoja. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, ikianza kuvuma, mchanga unatembea.

Si mfano. Unatembea kweli. Asubuhi unafagia baraza, jioni unafagia tena, na ukila wali unasikia kwenye meno.

Lile kaburi lilikuwa linaliwa upande wa kusini. Kila msimu upepo unachota kidogo. Kijana wa Bi Zuhura, Athmani, anayefanya kazi Mtwapa, alijenga ukuta mdogo wa simenti. Upepo ukachimba chini yake, ukuta ukalala kifudifudi. Wakaweka ua wa makuti. Makuti yakaenda na upepo.

Wiki yangu ya kwanza pale niliamka mapema kuchota maji. Nikamwona Bi Zuhura, mwanamke wa miaka sabini na kitu, anatembea na beseni la mchanga. Anaumwaga ubavuni mwa kaburi, anaushindilia kwa viganja, anarudi kujaza jingine.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nipe beseni nikusaidie."

"La, mwanangu. Hii kazi yangu mimi na yeye."

Nikaenda zangu kuchota maji. Kesho yake nikamwona tena. Na kesho kutwa. Upepo unatoa, yeye anarudisha.

Tuendelee.

Jumapili moja baada ya ibada nikateremka ufukweni kutembea. Kuna mmea unatambaa pale juu ya mchanga, bila shaka wengi mmeupita. Majani matatu matatu, ya mviringo, manene kama ngozi. Maua ya rangi kati ya waridi na zambarau. Ukilitazama ua moja karibu, utakuta limegeuka, kile kinachopaswa kuwa juu kiko chini. Nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao, wanaingia humo kwa kujisukuma kama mtu anayeingia chini ya kitanda.

Wenyeji wengine wanasema tu jani la pwani. Mimi naziita kunde za pwani, maana maganda yake ni ya jamii ya kunde, ila makubwa, magumu kama ubao.

Lakini si maua yaliyonisimamisha. Ni kwamba popote ule mmea ulipotambaa, mchanga ulikuwa umeinuka. Ulipokosekana pana shimo. Nilitembea karibu saa nzima nikiangalia hilo tu. Haikubadilika hata mara moja.

Nikafungia mbegu kwenye ncha ya leso nikarudi nazo.

Jamani, zile mbegu! Kahawia, zina mabaka, ngumu kama kokoto. Nilipanda kumi nyuma ya bafu. Mwezi ukapita, kimya. Nikafukua moja, iko vilevile, kama niliizika jana. Baadaye nikaelewa kwamba mbegu hii imeumbwa ielee baharini, ikavuke maji ya chumvi, ikatupwe nchi nyingine ndipo iote. Maji ya mwalimu ya kopo yataifanya nini?

Nikachukua msasa, nikasugua kila mbegu upande mmoja mpaka ngozi ikapasuka kidogo. Nikaziloweka usiku kucha kwenye maji vuguvugu. Asubuhi zimevimba karibu mara mbili. Nikazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa, mchanga mtupu, bila mbolea.

Siku ya tano zikatoka. Mche wenyewe mnene, unasukuma mchanga kwa bega kama ng'ombe anayetaka kutoka zizini.

(Najua kuna atakayenifuata inbox kuuliza kama zinaliwa. Ndugu yangu, hapana. Usizipike. Zina sumu usipojua kuziandaa, na mimi sijui. Hizi ni za kutazama na kushika ardhi.)

Kazi ngumu haikuwa kuotesha. Ilikuwa kuomba ruhusa. Mimi mpangaji, mtu wa bara, Mkristo, naanzaje kumwambia mama wa Kiislamu nataka kupanda mimea kwenye kaburi la mumewe?

Nilizunguka wiki nzima bila kuthubutu. Mwishowe nikamwambia tukiwa tunapepeta mchele.

Akatazama ile miche. "Mwalimu, hili si gugu? Mbuzi wenyewe hulipita."

"Ndilo, Bi. Lakini nimeliona linashika mchanga."

Akaendelea kupepeta. Siku mbili hakulitaja. Ya tatu akaja mlangoni kwangu. "Nimemuuliza maalimu wa msikitini. Asema tawi bichi kaburini halina neno, wazee wetu wakiweka. Panda. Ila usimkanyage."

Nikapanda miche minane upande wa kusini, hatua moja kutoka kwenye mawe. Kumwagilia ni maji ya kuoshea mboga, asubuhi tu, miezi miwili ya mwanzo. Baada ya hapo niliacha. Mmea huu ukiubembeleza sana unakata tamaa.

Ukaanza kutambaa. Nilichomeka kijiti Jumatatu kwenye ncha, Jumatatu iliyofuata ncha imeshapita hatua nzima. Na kila kifundo kinapogusa mchanga kinashusha mzizi wake. Kwa hiyo si mmea mmoja tena, ni mshono.

Siku moja mche mmoja ukafa, nikaung'oa. Wakuu, mizizini kulikuwa na vinundu vidogo kama shanga. Nikakipasua kimoja kwa kucha. Ndani chekundu, kama nyama.

Miaka yote nimesimama mbele ya darasa nikichora vile vinundu ubaoni. "Mimea jamii ya kunde huvuta naitrojeni kutoka hewani." Watoto wanaandika, mimi nasahihisha. Sijawahi kukiona kimoja. Nikapiga magoti pale na mzizi kiganjani, na Bi Zuhura akainama juu yangu.

"Nini hicho chenye damu?"

"Ndicho chakula chake, Bi. Kinatengeneza mbolea kutoka kwenye hewa."

Akakishika. Akakirudisha taratibu mchangani kama kitu kilicho hai. "Subhanallah," akasema. "Na sisi twaliita gugu."

Kuanzia siku ile akawa anakwenda pale kila asubuhi kuhesabu maua. Beseni akalirudisha jikoni.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Shule ilifungwa nikaenda Kitui kumwona mama. Sikukuu ya Idi ikaingia nikiwa huko. Niliporudi, hata mkoba sijatua, nikatazama kule pembeni. Kaburi limesafishwa, peupe kama sakafu ya msikiti. Hakuna jani.

Athmani alikuwa amekuja kwa sikukuu. Kijana wa adabu, msiniulize kama alikuwa mbaya. Akanifuata anatabasamu, panga bado liko mkononi.

"Karibu Mwalimu. Nimemsafishia mzee. Majani yalikuwa yamemmeza, watu wangetusema."

Niliingia chumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Jioni Bi Zuhura akaja akaketi kizingitini. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia.

Akasema, "Mwana amshikie babake panga amsafishie kaburi, mama atamkataza kwa maneno gani? Nilishindwa, Mwalimu."

Na kweli, hata mimi ningekuwa yeye ningeshindwa.

Kusi ya mwaka ule ilikuja na hasira. Ndani ya wiki tatu upande wa kusini uliporomoka kuliko tulivyowahi kuona. Jiwe la miguuni likaanza kuinama. Nilisikia aibu kumtazama Bi Zuhura, ingawa si mimi niliyekata. Nikampigia Athmani simu, nikamweleza yote. Kile alichokifyeka kilikuwa ni nini, na kwa nini kilipandwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha: "Naja."

Alifika Jumamosi. Aliposimama mbele ya lile jiwe lililoinama alifunika uso kwa kofia yake. Akachukua koleo, akaanza kuchimba kando ili alisimamishe upya.

Mimi nilikuwa uani nafua. Nikasikia, "Mwalimu! Mwalimu, njoo!"

Nikakimbia nikidhani amefika pabaya.

Athmani amepiga magoti, mkono wote umezama shimoni mpaka begani. Alikuwa amekutana na mzizi. Mnene kama kidole gumba, unashuka wima, naye anaufuata kwa vidole lakini haufiki mwisho.

"Haujafa," akasema. "Nimeukata juu tu. Huku chini ungali mbichi."

Tukatazama vizuri. Kwenye kifundo kilichofunikwa na mchanga palikuwa na chipukizi, jeupe, dogo kama jino la mtoto. Tukaona jingine. Tukahesabu kumi na moja. Yote yalikuwa chini, gizani, yakipanda.

Athmani alikaa pale chini na udongo mikononi, akalia. Mama yake akaja akamwekea mkono kichwani.

Mvua zikashuka. Nawaambia ukweli, sikuwahi kuona kitu kinarudi kwa nguvu vile. Kila upepo ulipoleta mchanga kuyafunika, machipukizi yalipanda juu yake. Unafunika, yanapanda. Kile kilichokuwa kinatumaliza ndicho mmea ulichokuwa unajengea.

Leo ni msimu wa tatu. Juzi upepo ulivuma usiku kucha sambamba na bamvua kubwa, maji ya bahari yamejaa kupita kiasi, na ua wa jirani ukalala. Alfajiri tulitoka sote watatu, maana Athmani alikuwepo. Upande wa kusini wa kaburi mchanga umeinuka kiasi cha shubiri mbili kuliko nilivyoukuta nilipohamia. Umelala kama tuta, kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, na maua yamefunguka, nyuki weusi wameshaingia kazini kabla yetu.

Bi Zuhura akainama, akahesabu maua kama kawaida yake.

Kisha Bi Zuhura akamgeukia mwanawe. "Athmani. Siku yangu ikifika, hapa ubavuni mwa babako. Na haya maua usiyatoe, uyainue tu, unipitishe chini yake."

Athmani akasema, "Inshallah, mama."

Mimi nilirudi ndani kujitayarisha kwenda shule, lakini darasani siku ile sikufundisha vizuri.

Funzo langu wakuu: kabla hujaita kitu gugu, kitazame msimu mzima, uone kinafanya kazi gani. Na ukishajua, waambie na wenzako wa nyumbani mapema. Mimi nilimwambia mama nikamsahau mwana, ikatugharimu kaburi nusu.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Lamu, wa Kwale, wa Tanga na Unguja, mmea huu kwenu mnauitaje? Kuna aliyewahi kuupanda nyumbani? Mwenye picha aweke. Bi Zuhura hasomi simu, lakini nitamsomea majibu yenu yote.