Kitabu Kilichoshonwa kama Buti

Siku fundi viatu alipomwona yule mama kwa mara ya kwanza, alidhani amekosea kibanda. Wateja wengine humletea viatu vilivyoachama. Huyu alimwekea mezani kitabu kilichoachama.

"Fundi, nimezunguka mpaka nimechoka. Nishonee hiki."

"Mama, mimi ni wa viatu."

"Kina nyuzi, kina gundi, na kimefumuka. Unataka kiatu gani tena?"

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Mkewe humtania kwamba hata salamu huipima kwa futi kabla ya kuitoa. Akakipokea kitabu.

Mama huyo alikuwa dobi wa hospitali ya ng'ambo ya barabara, vidole vimekunjamana kwa sabuni na maji ya moto. Akimaliza kukunja mashuka, hupanda wodini akawasomea wagonjwa kwa sauti. Wao walimwita Redio.

"Maana sizimiki," alisema mwenyewe, akicheka.

Wodi hiyo ilikuwa na kiti kimoja tu cha magurudumu, na fundi aliwahi kukiziba tairi kwa kipande cha soli. Sasa mwenye karakana ya viti hivyo alikuwa ameahidi kutoa sita vipya, kwa sharti moja: watu wa hospitali na majirani zake wasome kitabu kwa sauti, kwa kupokezana, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukimya ukifika hesabu ya kumi, viti hakuna. Kitabu alichokichagua Redio ni hiki.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimechomoka kabisa. Siku mbili gundi ya mgongo ilipokuwa ikikauka, fundi alizisoma. Alikuwa ameishia darasa la saba, akasoma polepole, akarudia, akarudia tena, mpaka zikamkaa kichwani: mwashi anamaliza daraja lake, na wa kwanza kuvuka ni mama mkwe aliyekuwa akimcheka. Kisha akazishona kwa uzi wa buti, mara mbili, akafurahi moyoni. Hizi hazichomoki tena.

"Mwanzo wake sijui," alimwambia Redio alipokuja kukichukua. "Nimeona mwisho tu."

"Mtu gani anaingia kwenye hadithi kwa mlango wa uani? Njoo Jumamosi uusikie."

Jumamosi fundi alifunga kibanda, akasimama mlangoni mwa wodi tangu alfajiri. Walimu, makarani na wauguzi walipokezana. Mwalimu mmoja hakutokea, Redio akabeba zamu yake juu ya zamu zake mwenyewe. Kufika saa kumi na moja jioni, sauti yake ilikwaruza kama brashi kavu juu ya ngozi.

Ilipobaki robo saa, akafikia kurasa zilizoshonwa. Akasoma neno moja, akasita. Akakivuta kitabu huku, akakivuta kule. Fundi alielewa kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amepitisha sindano kama anavyoipitisha kwenye soli, upana wa kidole kizima ndani ya karatasi, na uzi umemeza maneno ya kila mstari upande wa mgongo.

"Moja," akaanza muuguzi mkuu, macho kwenye saa ya ukutani. "Mbili. Tatu."

 Viti sita, na fundi ndiye aliyevizibia njia kwa uzi wake.

"Nne. Tano. Sita."

"Mwashi akaweka jiwe la mwisho," fundi alisema, sauti ndogo kama ya mtu anayeungama.

Muuguzi akaacha kuhesabu. Redio akageuka.

"Paza, fundi!"

Akapiga moyo konde, akasogea. Yeye alitaja maneno yaliyomezwa, Redio akasoma yaliyosalia, kama watu wawili wanaopitisha godoro mlangoni. Kurasa mbili tu, sauti ya Redio ikakatika kabisa. Akamsukumia kitabu kifuani.

Fundi akasoma peke yake, mbele ya watu. Alipofika kwa mama mkwe alimpa sauti nyembamba ya kujidai, bila kukusudia, na wodi nzima ikaangua kicheko.

"Huyo wangu kabisa!" alipiga kelele mzee wa kitanda cha dirishani.

Mama mkwe alikuwa bado juu ya daraja saa ilipotimia. Vijiko vikagongwa kwenye vyuma vya vitanda, wauguzi wakapiga vigelegele, na fundi akaendelea kusoma, maana hakusikia kwamba wamemaliza.

Viti vilikuja baada ya wiki moja, magurudumu yaking'aa. Mwezi uliofuata Redio alistaafu. Akiwa njiani kuhamia kwa binti yake, mji mwingine, alipita kibandani, mfuko begani, akaweka kitabu juu ya meza. Fundi akachukua kisu, amfumulie mishono ile.

"Uache uzi huo, kitabu nakuachia," alisema Redio, sauti yake imerudi yote. "Atakayetaka kukisoma, lazima akutafute wewe."