Nia Niliyoitoa Jumuiyani

Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila Jumamosi asubuhi, majirani zetu waliniombea kazi. Sisi ni wakulima wa viazi upande wa Uwemba, na baba yangu ndiye mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya kanisa pale kijijini. Ukifika wakati wa nia, yaani kutaja tunaowaombea, alianza na wagonjwa, akaja kwa marehemu, kisha kwangu: "Tumwombee kijana wetu aliyemaliza chuo, apate ajira inayolingana na elimu yake."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wote waliitikia. Nami niliitikia, macho yakiwa kwenye viatu vyangu.

Sikuitaka ajira hiyo. Nilitaka kufuma masweta.

Nikiliandika leo linaonekana jambo dogo. Lakini nina shahada ya rasilimali watu, na nyumbani nilikuwa nimewaambia kwamba najitolea katika ofisi moja Makambako. Waliamini, kwa kuwa vijana wengi huanzia huko. Ukweli ni kwamba kila Jumatatu nilikwenda Makambako kwa mama mmoja mjane mwenye mashine ya kufumia. Kutwa nzima nilikaa katika chumba chake karibu na barabara ya malori, upepo ukipenya chini ya mlango, tukifuma masweta ya shule. Nilishajua kupunguza mishono ya kwapani na kuunga mikono. Nilikuwa pia na daftari la michoro ya masweta yangu mwenyewe, ambalo hata yeye sikumwonyesha.

"Mikono yako imetulia," aliniambia siku moja. "Kichwa ndicho hakitulii. Nyumbani wanajua?"

"Bado, mama."

"Bado mpaka lini? Mpaka sweta liote mvi?"

Nililifikiria suala hilo kila siku. Nikimwambia baba shambani, atakuwa ameshika jembe. Nikisema mezani, mama ataacha kula, na mama akiacha kula nyumba nzima inashinda na njaa. Niliandika ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikauandika upya, nikafuta tena. Mwishowe nikaona njia: jumuiyani hakuna anayebishia nia ya mwenzake. Mtu akishaitoa, wengine huitikia tu. Nilijiona mwerevu sana.

Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu umefunika mashamba, nasi tumebanana sebuleni kwa jirani. Baba alimaliza nia zake, yangu ikiwemo, akauliza kama kuna mwenye nyingine.

"Naomba mniombee," nikasema, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu aliye nje. "Sijitolei ofisini. Najifunza kufuma masweta kule Makambako, na ndiyo kazi ninayoitaka. Nipate ujasiri wa kuifanya."

"Ee Bwana, twakuomba..." Walianza kwa mazoea, wote pamoja, kisha sauti zikapungua moja moja kadiri masikio yalivyoelewa. Neno la mwisho lilitamkwa na bibi mmoja tu, ambaye hasikii vizuri. Baba hakuitikia kabisa. Alianzisha Baba Yetu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Nje, mama mwenye nyumba alinishika mkono. "Kumbe msomi ni fundi! Njoo unipime, baridi hii itaniua."

"Usimpotoshe," akadakia mwenzake. "Miaka mitatu chuoni kufuata sindano? Si angemuomba bibi yake!"

Walicheka, nami nikacheka nao ili yaishe. Mama yangu alinipita bila kunitazama, kanga ameivuta mpaka kidevuni.

Nilirudi na baba kwa njia ya mashambani. Tulipofika kwenye matuta ya kwanza akauliza:

"Mama yako alijua?"

"Hapana, baba."

"Kwa hiyo nimelisikia siku ileile na jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba, naye alikuwa mle ndani."

Aliruka mtaro wa maji, nami nikaruka nyuma yake.

"Ningekujibu nini mle ndani? Nimbishie Mungu mbele ya watu? Ulilijua hilo."

Nililijua. Ndiyo sababu nilipachagua.

"Ulidhani nitakupiga?"

"Hapana."

"Ila?"

"Niliogopa utanyamaza."

Akanyamaza. Nadhani hakukusudia, kwa maana baada ya hatua chache alisimama na kunigeukia. "Haya. Hapa tuko wawili. Niambie."

Sentensi zote nilizozifanyia mazoezi kwa miezi zilinikimbia. "Baba, nataka kufuma masweta," nikasema. Bila watu wa kuitikia, lilikuwa jambo dogo na la kitoto, nami nilitamani kulirudisha mdomoni.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alitazama viazi, akavua kofia, akaivaa tena.

"Watu wale wameacha kazi zao kila Jumamosi kwa ajili yako," alisema. "Na mimi ndiye niliyewaomba. Wiki ijayo niwaambie tuombe nini?"

Alisubiri kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia asiyoijua. Nikafikiria jibu moja, nikaliona la kujitetea. La pili lilikuwa la kiburi. Nilipokuwa kwenye la tatu, alishaanza kutembea. Nilimfuata kwa mbali, nikitafuta maneno ambayo yeye angeweza kuyatamka kwa kinywa chake mbele ya watu, asione haya.