Kofia iliyolia mezani kwangu

Leo mchana kofia ya mgodini imelia mezani kwangu, na hakuna aliyeigusa.

Tik. Kimya. Tik tena.

Aliyeileta ni Mama Ngalula, mjane wa kule Musonoi. Mume wake alifariki akiwa ameivaa. Jiwe dogo tu liliipasua kama yai.

"Tata, we ulisoma," akaniambia. "Batu ba bwana yangu banasema mi njo nilimuloga. Eti kofia, kasike nguvu vile, haiwezi kupasuka bure."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Ufa ulikuwa unatembea, polepole, kwa kila tik, huku tunautazama.

Mama akafanya ishara ya msalaba.

Mimi niliogopa kwa sababu nyingine. Niliitambua: ndani ilikuwa na alama ya kiwanda nilichofanyia kazi.

Ndugu zangu, daktari anasema sitamaliza mwezi, basi someni. Plastiki ya kofia ile niliichanganya mimi. Niliitia grafini, unga mweusi wa kaboni unaoipa plastiki nguvu ukitawanyika vizuri. Ukibaki madonge, kila donge ni mahali pa kupasukia.

Madonge niliyaona kwa hadubini. Nikasaini kwamba kofia zinafaa, maana nilikwisha kujisifu kwa wakubwa.

Nimemwambia Mama yote. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe na ulikuwa unanisalimiaka kila yenga, kila siku ya misa, ku kanisa."

Jamaa za marehemu, najua mnasoma hapa kwenye ukurasa wangu. Njooni mniulize ningali na pumzi. Kisha mwende kwa Mama Ngalula, mkamwombe radhi mbele ya majirani wale wale waliowasikia mkimwita mchawi.