Nusu ya Kukhu, Nusu ya Baba

Kwetu Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kando kwa majani mpaka mwingine apite. Mimi nimeokoka miaka mingi, na pasta wetu wa Kitale ameshatuambia kwamba kuacha desturi hiyo si dhambi. Lakini mama yangu pia ameokoka, tena kabla yangu, na yeye anasema heshima haijawahi kumfungia mtu mlango wa mbinguni.

Kitindamimba wetu alilelewa Bungoma kwa sababu ya desturi hiyo hiyo. Alipokuwa na miaka miwili nililazwa hospitali muda mrefu. Mama hangeweza kuja kukaa kwa nyumba ya mkwe wake, kwa hivyo alikuja Kitale mpaka kwa geti, akasimama nje, akapewa mtoto na mfuko wa nguo, akarudi naye. Tulisema ni kwa muda. Nikapona, nikapata kazi ya kuchambua mbegu, nikaanza masomo ya jioni, ile watu wanaita gumbaru, na kila mwaka tukasema mwaka ujao. Mtoto akafika miaka tisa. Mama yangu, yaani bibi yake, mtoto alimwita Kukhu, kama watoto wote wa kwetu huita bibi zao, na mimi aliniita Mama wa Kitale, kama mtu anayetaja shangazi.

Mwaka huo tuliamua kwamba Januari atakuja kwetu Kitale. Yeye alisema, "Siendi." Hakulia, hakupiga kelele. Mama naye akasema hatamsukuma, na pia hatamficha. Nikawa napiga magoti kila asubuhi kabla ya kazi, naomba kitu kimoja tu: Bwana, mlete mtoto nyumbani, na usimvunje mama yangu.

Sasa, kulikuwa na hiyo filamu ya katuni ya nungunungu mdogo. Ile ya kwanza, mtoto na Kukhu waliiona kwa televisheni ya jirani mpaka jirani akachoka. Mama hajui Kiingereza. Mtoto ndiye alikuwa anamwambia kwa Lubukusu kila mnyama amesema nini, na mimi nadhani mahali pengine alikuwa anaongeza chumvi yake, kwa sababu siku moja niliketi nao, nikasikia nungunungu akisalimia watu kwa jina la Yesu.

Halafu sehemu ya pili ikatoka, na hapo nikaona maajabu. Redio ilisema watu duniani wanapanga foleni, ati imepita hata ile ya kwanza, imepita katuni zote. Mwalimu wetu wa jioni alileta gazeti tusome kwa zamu. Aya ya pesa ilinifikia mimi. Nilisoma vizuri mpaka kwa ile namba, nikasimama. Mwalimu akaja akahesabu sufuri kwa ncha ya kalamu, akarudia, akasema, "Mama, ruka hapo, endelea mbele." Sokoni Bungoma nungunungu alikuwa kwa begi za shule, kwa soksi, kwa keki, hata kinyozi mmoja alimchora ukutani, ingawa wa kwake alifanana na panya.

Mtu mmoja mwenye projekta akakodisha ukumbi pale Bungoma aionyeshe Jumamosi moja. Tiketi zikaisha, akaongeza Jumamosi ya pili, nazo zikaisha, akaongeza ya tatu. Mtoto akanipigia simu kwa simu ya Kukhu. Alisema anataka kuiona na Kukhu na Baba, wote wawili. Hajawahi kuniomba kitu na neno "Baba" ndani yake. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda Bungoma, nikapanga foleni kuanzia alfajiri. Nilipofika mbele, tiketi zilizobaki za Jumamosi ya tatu zilikuwa mbili. Moja ya mtoto, moja ya mtu mzima.

Hata kama zingekuwa tatu, wale wawili hawangekaa pamoja kwa ukumbi mmoja. Mama nilimuuliza kama giza haliwezi kuhesabika kama ukuta. Akachukua ndoo akaenda mtoni.

Bwanangu alisema tiketi iende kwa mama, yeye ndiye amelea. Mama akasema iende kwa baba yake, si ndiye anamchukua. Kila mmoja alikuwa ananituma mimi kwa mwingine, mpaka nikachoka kuwa posta. Mtoto ndiye alimaliza kesi. Alisema katikati ya filamu huwa kuna mapumziko ya kuuza soda. Kukhu aangalie nusu ya kwanza, atoke, Baba aingie.

Siku hiyo nilifanya kazi kuliko askari wa trafiki. Bwanangu nilimweka upande wa mbele, ng'ambo ya barabara, karibu na watu wa bodaboda. Mapumziko yalipofika nikamtoa mama kwa mlango wa kando, ule wa kwenda msalani, lesso amejifunika mpaka kwa macho, ndipo nikapunga mkono na bwanangu akaingia kwa mlango mkubwa. Hawakuonana hata kisigino.

Jioni tulikuwa nyumbani kwa mama. Yeye alikuwa ndani ya jikoni anapika, bwanangu ameketi nje kwa kiti, mgongo kwa ukuta wa jikoni, uso barabarani, vile mkwe hukaa. Mimi nilikuwa natoa maharagwe kwa maganda. Mtoto alikuwa mlangoni. Bwanangu akamuuliza kwa nini yule chura alikuwa analia juu ya jiwe, maana alipoingia ndipo alimkuta hapo.

"Sisemi," mtoto akamjibu. "Muulize Kukhu. Yeye ndiye aliona."

Mama naye alikuwa ameshamuuliza mwisho ulikuwaje, akaambiwa amuulize Baba. Kwa hivyo moshi ukaendelea kutoka jikoni, na mimi na maharagwe yangu. Miaka ishirini ya ndoa, na hawa watu hawajawahi kuzungumza ana kwa ana.

Mwishowe mama akasema kutoka ndani, "Mwambie baba yako huyo chura ni mwizi. Aliuzia fisi njia ya maji."

Mtoto hakumwambia mtu. Bwanangu akaangalia barabara. "Mwambie Kukhu chura alirudi. Alienda mwenyewe kwa shimo la fisi, akaonyesha wenzake maji yaliko."

"Mwambie alirudi kwa sababu alishikwa."

"Mwambie hakushikwa. Alikuja peke yake, akaomba msamaha."

"Alisema nini?" mama akauliza, na hapo akasahau kumtuma mtoto.

Bwanangu ni mtu wa maneno machache. Hata ushuhuda kanisani anatoa sentensi mbili na kukaa. Lakini alieleza, mikono ikienda hewani, mgongo bado kwa ukuta. "Alisema hakujua kiu ya wengine ni kali hivyo."

Mama akakoroga sufuria. "Huko si kuomba msamaha. Huko ni kujitetea."

"Mama, alikuwa analia."

"Macho ya chura huwa na maji. Hata wale wa hapa mtoni ni hivyo hivyo na hawajatubu."

Bwanangu akacheka mpaka kiti kikagonga ukuta, na ndani nikasikia mama pia. Waliendelea na kesi ya chura mpaka ugali ukaiva. Mimi nilikuwa upande wa toba, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mtoto akaja kukaa karibu nami, akachukua maharagwe machache. Akauliza kama sehemu ya tatu itatoka. Nikasema kwa vile hii imefanya vizuri, watatoa tu. Akafikiria. "Basi mimi na Baba tutakuja kutoka Kitale," akasema. "Na Kukhu apewe nusu ya mwisho." Niliinamisha kichwa kwa sufuria nisionekane uso.

Januari alikuja. Sitasema hakulia. Alilia njiani mpaka Kimilili, na mimi nikalia naye, halafu akalala kwa mapaja yangu na mdomo wazi. Mama alichukua wiki mbili kabla ya kushika simu yangu. Siku hizi hupiga Jumamosi, na tunaiweka kwa meza itoe sauti wote tusikie, kwa sababu anasema simu haina paa. Sauti yake ikitokea, bwanangu huinuka, anatoa kofia, anageukia dirisha ndiyo amjibu.

"Kukhu, Baba amesimama," mtoto alimwambia juzi.



"Hata mimi nimesimama," mama akasema.