Chati ya Joto ya Anastazia

Watu wa mtaa wetu wa Kigera wana haraka ya kuzika. Kuku akisinzia, amekufa. Redio ikikwaruza, imekufa. Kompyuta ya Anastazia ilipoanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi, mtaa mzima ulianza kumpa pole. Mimi nashona nguo mlango wa pili kutoka dukani kwake, pole hizo nilizisikia zote, na zilinikera kweli.

Anastazia alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka ishirini na miwili hapa Musoma. Asubuhi, mchana na jioni alipita kitanda kwa kitanda akipima joto la wagonjwa na kuliandika kwenye chati. Alipostaafu akaungana na mumewe, Bernado, aliyekuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Bernado alifariki mwaka juzi. Duka likabaki na Anastazia, pamoja na kompyuta moja ya mezani, printa moja na kiti kinacholia ukikikalia.

Shemeji yake Felisian, mdogo wake Bernado, hakulipenda jambo hilo. Yeye anakaa Butiama, kwenye mji wa wazazi, na alitaka mjane arudi huko akalime na kumtunza mama mkwe. Kompyuta ilipoanza kuzimika akapata sababu. Aliitisha kikao cha ukoo hukohuko, na maazimio yakawa mafupi: ikifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi mashine bado inazimika, Anastazia afunge duka, apakie vitu, arudi Butiama.

"Biashara ya marehemu imekufa na marehemu," Felisian alisema.

Anastazia alitoka kikaoni. Alipanda gari akarudi Musoma, na kesho yake akamwita Danford, fundi kompyuta wa pale Bweri. Danford aliiwasha mashine, akaisubiri izimike, ikazimika, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imekufa. Bodi imeungua. Uza vyuma tu."

"Umeipima joto?"

"Joto la nini tena, mama?"

"Mimi nilikuwaga wodini, mwanangu. Hatukuwahi kumpeleka mtu mochwari bila kumpima. Wewe unaleta jeneza hata mkono hujamgusa!"

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Danford alinuna, lakini aliweka ile programu ndogo inayoonyesha joto la prosesa, akamwonyesha pa kusoma. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine, alimwambia. Ikibaki kwenye nyuzi sitini au sabini wakati wa kazi, hiyo ni afya. Ikipita tisini, hiyo ni hatari, na ikikaribia mia inajizima yenyewe isiungue.

"Kumbe inajiokoa," Anastazia alisema. "Na nyie mnasema imekufa."

Siku hiyohiyo alichukua karatasi, akachora mistari kwa rula, akabandika chati ukutani juu ya printa. Kila robo saa aliweka nukta. Akiwasha, sitini na mbili. Baada ya barua mbili, themanini na nane. Tisini na saba, giza. Anawasha tena, anaweka nukta tena. Wateja walimshangaa. Mmoja alimwuliza kama mashine imepewa dawa ya malaria, akamjibu kwamba vipimo havijatoka.

Wiki ya kwanza nukta zilipanda vilevile kila siku, isipokuwa Jumanne. Jumanne zilifika themanini na nne tu, na mashine haikuzimika hata mara moja. Anastazia aliitazama Jumanne ile kwa muda mrefu, kisha akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Jumanne nilifanya nini?"

"Ulifua," nikamwambia. "Ulianika kitambaa cha mama kwenye kamba yangu."

Hapo wote wawili tukageukia dukani kwake. Kwetu hakuna chombo cha maana kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, makochi ndiyo usiseme. Boksi la kompyuta ile lilikuwa na kitambaa kikubwa cha krosheti kilichofumwa na mama mkwe mwenyewe, mama Esta, baada ya mazishi, na jina la Bernado katikati. Kilishuka hadi sakafuni na kuziba matundu yote ya nyuma, pale mashine inapotolea pumzi. Kukiondoa ni kama kumvua marehemu shuka. Ndiyo maana, ukiacha siku ya kufua, hakuna aliyethubutu kukiondoa, hata Danford: alikiinua kidogo kwa heshima, akachomeka waya, akakirudisha.

Anastazia alikitoa. Alikikunja polepole, nilimwona. Halafu akamwita Danford na kumwamuru afungue boksi palepale kibarazani, waya ukiwa umechomolewa. Ndani kulikuwa na aibu. Wale vidudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kujaa kwenye taa na kwenye ugali, walikuwa wameingia kwa miaka wakafia kwenye vibati vinavyopoza prosesa. Wamegandana na vumbi kama mkeka. Feni ilikuwa inazunguka, lakini ni kama inapuliza ukuta.

Danford alikunja mikono ya shati. Aliishika feni kwa kalamu isizunguke ovyo, akapuliza uchafu kwa blowa ya upepo, akafuta ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya kiasi cha punje ya maharage. Boksi wakaliweka juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Waliwasha. Arobaini na nane.

"Nisamehe mama," Danford alisema.

"Andika kwanza," Anastazia akamjibu, akampa kalamu aweke nukta.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Felisian alifika na pikapu tupu, na mama Esta akiwa kiti cha mbele. Aliingia dukani ameshika karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono: muhtasari wa kikao. Akaamuru zichapwe, nakala kumi na mbili, ukoo usaini. Alichotaka mimi nilikijua. Alitaka mashine izimike mbele ya mama yake.

Kisha akaona boksi liko wazi.

"Kitambaa cha mama kiko wapi? Umekivua kitambaa cha kaka yangu!"

Anastazia alionyesha ukutani. Kilikuwa kimetandazwa upande wa juu wa chati, kimepigwa pasi, jina la Bernado linasomeka mpaka barabarani. "Shikamoo mama," alisema kwa mama mkwe, akapiga goti. "Kilikuwa kinamnyima hewa. Nimekipandisha juu."

Mama Esta hakuitikia upesi. Alikitazama kitambaa, akaitazama mashine, akaketi kwenye kile kiti kinacholia.

Anastazia akachapa. Alichapa kila neno la Felisian, hata lile la biashara kufa na marehemu, bila kuruka nukta wala mkato. Felisian alisimama nyuma yake akikikodolea macho kioo. Hamsini na nane. Printa ikaanza kutema karatasi. Sitini na sita. Nakala ya tisa, sabini na moja. Nakala ya kumi na mbili ikatoka, mashine bado inavuma taratibu.

Mama Esta akainuka, akaweka kiganja juu ya boksi, namna anavyoguswa mtoto paji la uso.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Huyu hana homa."

"Mama, maazimio ni maazimio," Felisian alisema. Akaweka nakala mezani, akagonga kidole kwenye mstari ulioandikwa jina la Anastazia. "Saini hapa, shemeji, tupakie."

Anastazia akachukua kalamu ya chati. Akaandika kwenye mstari ule kwa mwandiko wa wodini, polepole, kila mtu akisoma: *Saa nane na dakika arobaini mchana. Joto nyuzi 69. Hali nzuri. Haruhusiwi kuondoka.*